Walisema Mama Analewa

Beseni la bati likianguka kwenye simiti hulia vibaya, na lile la Mama bado nalisikia. Omena, dagaa wetu wa ziwani, zilimwagika pale sokoni ufuoni, halafu kikaja kicheko.

"Mama amepiga chang'aa asubuhi yote hii," mwanamke mmoja wa kanisani kwetu akasema. "Kwani jikoni kwako kuna nini, utugawie?"

Mimi ni mtu wa kucheka. Hata nikiparua samaki huwa naota hoteli yangu kule Milimani, meza zina vitambaa, mabosi wanangoja ugali wangu. Siku hiyo sikucheka. Mama hajawahi kuonja pombe maishani.

Mama ana kifafa. Tulijua sisi wawili tu na kliniki, maana hapa kwetu watu wakijua, samaki wako wataoza. Wanadhani kifafa kinaambukiza. (Haya naandika kwa ruhusa yake.) Alipoanza vidonge, kifafa kilitulia, lakini akaanza kuyumba. Ulimi ukawa mzito, macho yakawa yanachezacheza.

Tulirudi kliniki. Muuguzi hakuinua hata kichwa.

"Mama, kipimo ni hicho hicho kwa kila mtu. Kuna mzee wa mkokoteni wa maji, anameza kama wewe na anasukuma mitungi mlimani. Ama wewe unachanganya na kitu?"

Hata yeye! Masikio yangu yaliwaka moto.

Kanisani ndiko walikommaliza. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Wakamvua kitambaa cheupe cha akina mama, wakamkalisha nyuma karibu na mlango.

Daktari mmoja kule Kombewa ndiye aliyepima damu yake, akakuta dawa imejaa tele. Alituambia ini ndilo huvunja dawa hiyo ili itoke mwilini, na kuna watu wamezaliwa na ini linaloivunja polepole. Wanairithi hali hiyo kama sura.

"Kwa hivyo dawa ya leo inaikuta ya jana bado imekaa," akasema.

Nikamuuliza, na yule mzee wa mkokoteni je? Akasema pengine ini la mzee linakimbia na la Mama linatembea, na hakuna aliyekosea kuzaliwa hivyo. Akapunguza kipimo. Baada ya wiki kadhaa Mama akawa anatembea wima, beseni kichwani.

Sasa sikia kilichoniudhi kabisa. Kanisa likashangilia eti ameacha pombe. Atoe ushuhuda, wakasema, ndipo arudishiwe kitambaa.

"Waambie ukweli, Mama," nilimsihi.

"Nyathina, mwanangu, mlevi aliyeokoka watu humkumbatia. Mwenye kifafa watamkimbia. Wewe utakula nini?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haipikwi.

Jumapili Mama akasimama mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumtoa kwenye chupa. Yule mwanamke wa sokoni ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Nilitamani kumkumbatia Mama, na hao wengine niwafungie nje kwenye jua.

Kanisa zima likasimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa kwenye benchi, mikono chini ya mapaja, mpaka makofi yakaisha.