Kwenu Hasa Ni Wapi?

Mwaka ule wa kufungiwa majumbani kwa ajili ya korona, binti yangu alisomea kwenye meza yetu ya kulia, hapa Toongabbie, Australia. Shule iliwapa riwaya ya Kihindi: kijana amesomeshwa kizungu hadi akirudi kijijini anahitaji mkalimani ili aongee na nyanya yake. Kila mwanafunzi alitakiwa aeleze darasa, kupitia kompyuta, kijana yule ni nani, na yeye mwenyewe ni nani.

"Nitasema mimi ni Mwaustralia, basi," akaniambia kwa Kiingereza. "Mambo ya Kenya ni yako."

Iliniuma, sitaficha. Nimetoka zamu ya kutunza wazee, alama za barakoa ziko mashavuni, halafu huyu niliyembeba mgongoni Nakuru ananikana mezani pangu. Nikafoka. Nikamwambia yeye ni Mkenya, apende asipende, na kama kitabu kimemshinda, jirani yetu ni Mhindi, atamfafanulia.

Hata sikungoja anijibu. Nikatoka hadi kwenye ua. Jirani, mama wa miaka sabini hivi, alikuwa anaanika nguo upande wake.

"Samahani mama, nyinyi Wahindi..."

"India sijaikanyaga," akanikata kwa upole. "Nimezaliwa Fiji, mama yangu pia, na nyanya yangu. Kule tuliitwa Wahindi, na hapa naitwa hivyo hivyo. Haya, uliza."

Badala ya kuuliza, nilimkumbuka Mhindi wa duka la vitambaa kule Nakuru. Kila nikienda nilimuuliza, "Kwenu hasa ni wapi?" Akijibu ni pale pale, nilicheka na kumwambia, "Aa, kwenu kwenyewe." Leo wazee ninaowaogesha huniuliza hivyo hivyo, nami hurudi nyumbani nimenuna. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo nililiona langu.

Binti yangu alikuwa amenifuata. "Anti, watu wakikuuliza kwenu ni wapi, wewe huwajibu nini?"

"Inategemea kama anayeuliza ana nafasi ya kunisikiliza."

Msichana akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa wiki nyingi. Wakaanza kuongea juu ya kitabu, huyu huku, yule kule. Nikarudi jikoni na aibu yangu, nikakanda unga wa chapati.

Jioni nikamuuliza, "Na wewe, unajionaje?" Akasema bado hajui. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Nikaimeza, na haikuwa rahisi.

Siku yake ilipofika nilikaa pembeni, nje ya jicho la kamera. Aliwaambia wenzake kwamba kijana wa kitabuni alipewa majibu na kila mtu, hakuna aliyemuuliza akangoja jibu lake. Kisha akasema, "Mimi nimezaliwa Nakuru, nimekulia hapa, na bado natafuta. Mama yangu pia anatafuta."

Halafu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, mbele ya darasa zima:

"Sogea hapa, mama. Hawakuoni."