Muuza maji ya samaki akiri kuua, akosa wa kumwamini

Saa moja asubuhi, Mama Mapipa ametumbukiza kichwa chote ndani ya pipa la plastiki. Mgongo uko juu, miguu iko nje, na sauti inatoka chini kama ya mtu aliyemezwa. Jirani anayepita na beseni la nguo anasimama.

"Mama Mapipa, umepoteza nini humo?"

"Harufu," linajibu pipa.

Jirani anacheka na kwenda zake. Amezoea vituko vya mwenzake. Lakini leo si kituko. Mama Mapipa anatafuta harufu ya sabuni, na kila akiikosa uso unamshuka. Pengine ni mwanamke pekee mtaani anayetakatisha chombo halafu akajuta.

"Hamna," anasema akijitoa pipani na kufuta pua. "Nimelisuuza mno. Nimesuuza na ushahidi wenyewe."

Kazi yake inahitaji maelezo, maana hata mumewe, fundi wa viti, ilimchukua muda kuielewa. Mama Mapipa huuza maji yaliyochujwa kwa watu wanaofuga samaki wa baharini nyumbani, ndani ya matangi ya kioo. Samaki hao wanataka chumvi, lakini maji ya bomba hawayawezi. Yana dawa, yana kutu, yana mambo mengi ambayo binadamu humeza bila kuuliza.

Basi yeye huyachuja kwa mashine iliyotundikwa ukutani, yakidondoka tone tone kutwa nzima, kisha huyahifadhi kwenye mapipa. Mteja akitaka kuongezea tu, hupelekewa yalivyo. Akitaka kubadilisha maji ya tangi, hukorogewa na chumvi maalumu. Ndoo moja huuzwa kwa bei ya mikate miwili. Si utajiri, ila ndiyo inayolipa kodi ya chumba.

Na chumba chenyewe ni cha mapipa. Yamepangwa kando ya kitanda, kwa sababu yakipigwa na jua maji huota ukijani.

"Mimi nilioa mke mmoja," anasema mumewe bila kuinua macho kwenye kiti anachoshona, "nikaamka nina mapipa matano. Tena yananizidi heshima. Mimi nikiumwa naambiwa lala. Pipa likipata ufa, hatulali."

Masharti ya mapipa hayo ni makali. Chuma hakiingii, vumbi haliingii, na zaidi ya yote, sabuni haisogei.

"Plastiki inainywa sabuni," anaeleza Mama Mapipa. "Unaona pipa limetakata, kumbe limeificha. Ukijaza maji linaitoa kidogo kidogo. Sisi tunanukia vizuri. Samaki anakosa pumzi."

Mteja wake wa kwanza alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyeendesha treni za mizigo. Mtaa mzima unamwita Dereva, ingawa baada ya kustaafu kitu pekee alichokuwa akiendesha ni kiti chake, kutoka dirishani hadi kwenye tangi na kurudi. Mkewe alifariki, watoto wana makwao. Sebuleni alibaki na samaki wawili wa rangi ya chungwa, kamba mdogo mwenye aibu, na samaki wa manjano aliyempa jina la Bosi.

"Hafanyi kazi yoyote na anamfokea kila mtu," Dereva alipenda kusema. "Nimefanya kazi chini yake miaka mingi, namjua."

Mwaka huu mama mzazi wa Mama Mapipa alikuja kukaa naye ili atibiwe mguu. Ni mwanamke asiyeweza kuona kitu kimetulia bila kukisugua. Siku moja, binti akiwa ametoka kupeleka maji, mama alifunua pipa tupu na kukuta utando kama ute chini yake. Akaona aibu kwa niaba ya mwanawe.

"Nilimwaga sabuni ya unga, ile ya maua," anasimulia mama huyo, mguu ukiwa juu ya kigoda. "Nikasugua mpaka pipa likasema basi. Nikasuuza, nikafunika kimya. Nilitaka nimshtue kwa furaha."

Alimshtua.

Mama Mapipa alilijaza pipa, na alipokoroga chumvi, povu likapanda.

"Nililiona," anasema, sauti ikishuka. "Nikajiambia ni hii chumvi mpya. Nikasikia maua, nikasema ni nguo za mama zimeanikwa mlangoni. Nilikuwa na haraka. Nikampelekea Dereva, nikayamimina kwa mikono yangu hii, tukamcheka Bosi, nikaondoka."

Asubuhi yake simu ikaita.

"Mwanangu, njoo," alisema Dereva. "Nimewaua."

Hakusema wamekufa. Kila akiwalisha, Dereva alikuwa akizima pampu inayowapa hewa ili chakula kisitawanyike, kisha kuiwasha tena. Aliamini safari hii amesahau kuiwasha. Mama Mapipa alipofika, pampu ilikuwa inanguruma kama kawaida, na Bosi anaelea ubavu juu.

"Labda nimeiwasha nilipoamka," alisema mzee. "Labda ilikuwa inawaka. Sijui, mwanangu. Shida ndiyo hiyo, sijui."

Binti yake mkubwa alikuwa ameshafika, mkoba wa ofisini begani. Si mtu mbaya. Birika lilikuwa limeungua, funguo zilikuwa zimeonekana ndani ya friji, na kwa muda mrefu alikuwa akimsihi baba ahamie kwake. Baba alikuwa na jibu moja: nani atawalisha samaki?

"Baba," alisema taratibu, "leo ni samaki. Kesho si itakuwa gesi?"

Dereva, aliyegombana na wakubwa wa reli hadi siku ya kustaafu, hakubisha. Aliitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo, nyumbani kwa Mama Mapipa, mama mtu akanuna. "Mbona hujalisifia pipa langu?"

Hapo ndipo Mama Mapipa alipoelewa ile harufu ya maua. Kisha akafanya jambo analolijutia kuliko lile povu. Alinyamaza. Akamwaga maji, akasuuza, akajaza, akamwaga tena, siku baada ya siku. Aliogopa wateja wengine wangekimbia. Aliogopa kumvunja mama yake moyo. Alipopata ujasiri wa kusema, chumba cha Dereva huko kwa bintiye kilikuwa kimeshapakwa rangi.

Akaenda, akasema yote. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Sabuni! Hiyo umekaa ukaitunga, eh? Una moyo mzuri, mwanangu. Unataka kunifunikia aibu."

"Baba, sitanii!"

"Haya, hutanii." Akampigapiga mkono, kama anayebembeleza mtoto.

Mama Mapipa akarudi na pipa lenyewe, akakoroga chumvi mbele ya binti wa mzee ili aone povu. Maji yalitulia kama kioo. Hakuna aliyewahi kusuuza pipa vizuri hivyo.

Ikabaki shahidi mmoja. Mama yake alipoambiwa ukweli alilia, halafu akadai viatu. Alipanda ngazi za kwa Dereva na mguu wake mbovu, akipumzika kila kipandio, akasimama sebuleni akihema.

"Mimi ndiye niliyewaua samaki wako. Nilisugua pipa kwa sabuni. Mimi hapa."

Binti wa Dereva alimshika mikono yote miwili. "Asante sana, mama. Kweli mnampenda baba."

Huko nje mama alilipuka. "Nimejitangaza muuaji, wakanishukuru! Wakanipa na chai!"

Mtaa ulicheka wiki nzima. Mama Mapipa hakucheka.

Dereva alihama Jumapili. Tangi liliuzwa. Wateja wawili wa Mama Mapipa, aliowaeleza ukweli uleule, wamemwacha. "Hao waliniamini papo hapo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu, ingawa si tabasamu la furaha.

Amekwenda kumtembelea mzee huko kwa bintiye. Amemkuta kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani. Akitaka kuwasha taa, anauliza kama anaruhusiwa. Chai anasubiri amiminiwe.

"Hakuwa hivyo," anasema Mama Mapipa. "Alikuwa anaijua siku yangu ya kuleta maji kuliko mimi mwenyewe. Sasa ameshaamini kwamba akigusa kitu kinakufa. Basi hagusi kitu."

Akiulizwa ana mpango gani, hataji mashine mpya wala wateja wapya. Anasema kila Jumamosi atakwenda kumwambia Dereva maneno yaleyale, sabuni, pipa, povu, mpaka mzee achoke kumwita mtunzi.

"Sitaki anisamehe," anasema. "Kusamehe ameshanisamehe, tena kosa ambalo anadhani sikulifanya. Nataka siku moja anitukane."