Dereva Aliyejibu Samaki

Basi liliingia Durban jua likichomoza. Abiria wakasimama kwenye viti kuiona bahari, wakisukumana madirishani. Mama Selloane peke yake hakusimama. Alikuwa anaangalia masikio ya dereva.

Tangu wauache mlima wa Van Reenen gizani, Tshokolo, dereva wao kijana, alikuwa anayavuta masikio yake. La kulia, la kushoto. Kisha anafungua dirisha baridi iingie, kisha anaongeza muziki. Mama Selloane alikaa nyuma yake usiku kucha na hakufumba jicho.

"Mama Selloane, bahari iko huku," alisema Mzee Mohapi, mwanamume pekee mwenye mvi katika chama chao cha kuzikana. "Au umemchumbia huyo kijana? Tuanze kutafuta ng'ombe?"

Basi zima likacheka. Hata dereva alicheka, lakini alichelewa kidogo.

Mama Selloane aliuza chai na maandazi miaka kumi na tisa katika kituo cha malori Harrismith, kabla ya barabara kuingia mlimani. Hakusoma sana, ila madereva aliwajua. Alimjua mwenye njaa na mwenye hasira, na alimjua anayejifanya hana usingizi. Huyu wa mwisho alijifunza kumtambua kwa kuchelewa.

Asubuhi moja dereva wa lori la mahindi alisimama kwenye kibanda chake. Mama Selloane akamuuliza, "Unataka mangapi?" Yule akanyamaza, macho wazi. Akamuuliza tena, "Leo unakwenda wapi?"

"Mawili," akasema yule dereva.

Mama Selloane alicheka siku ile. Akamfungia maandazi mawili, akamrudishia chenji yake, akamtakia safari njema. Alasiri aliwaona majirani wakirudi kutoka mlimani na ndoo kichwani, ndoo zimejaa mahindi yaliyomwagika lori lilipopinduka. Mmoja alimletea ya kwake nusu ndoo. Hakuyapika. Tangu hapo akawa anamuuliza kila dereva maswali mawili.

Walikuja Durban kwa siku moja tu, sikukuu ya Desemba, kama kila mwaka watu wa Qwaqwa, kwao milimani, wanavyokuja. Kufika alfajiri, kuondoka saa kumi na moja jioni. Kila mtu alibeba chupa tupu za lita mbili za kujaza maji ya bahari, maana jirani asiyeletewa maji ya bahari hakusahau. Mama Selloane alikuwa na chupa tano, na mjukuu wake Nthati, wa miaka sita, aliyekuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya bwawa.

Ufukweni watoto walifungwa utepe wa plastiki mkononi wenye namba ya simu, wasije wakapotea. Dada wa pale akauliza, "Tuandike namba ya nani?"

Mama Selloane alifungua mdomo kutaja yake. Akatazama nyuma, akaliona basi likiwa limeegeshwa kando ya barabara, Tshokolo ameegemea tairi anaongea na simu. Akataja namba ya Selloane, binti yake, aliyebaki nyumbani.

"Mbona ya mama?" Nthati akauliza.

"Yeye hatakuwa njiani," alisema bibi yake.

Wanawake wa chama waliingia baharini wakiwa wameshikana mikono, wamevaa petikoti, wakipiga mayowe wimbi likija. Kisha wakaenda kwenye nyumba ya samaki, ambako papa alipita juu ya vichwa vyao nyuma ya kioo, taratibu, hageuzi jicho. Nthati alimpungia mkono. Mama Selloane alilitazama lile jicho akaona ameliona mahali asubuhi ile. Halifumbi, lakini halikuangalii.

Walipanda kigari kinachovutwa na mtu mwenye pembe kichwani na shanga mpaka miguuni. Walizunguka soko la Wahindi, wakala mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage. Mama Tefo, mwenyekiti wao, alitembea mbele na daftari kwapani.

"Tumekuja arobaini na watatu," alisema kila baada ya muda, "tutarudi arobaini na watatu. Mimi simwachi mtu ugenini. Mwaka ule tulimwacha mama mkwe wa mchungaji, mpaka leo sina amani kanisani."

Saa nane mchana walirudi kwenye basi kuweka mizigo. Halikuwepo. Wakakaa kivulini kama nusu saa, ndipo likatokea likitoa moshi. Tshokolo akashuka akitabasamu, akasema alikwenda kutafuta mafuta. Mama Selloane akapanda. Blanketi lake, alilolikunja kitini asubuhi, lilikuwa limelowa. Akalinusa. Maji ya chumvi. Chini ya kiti palikuwa na kiatu cha mtoto asiye wao.

Akashuka, akamwita Mama Tefo pembeni.

"Huyu kijana hakulala. Amebeba watu wengine mchana huu."

"Nani kakwambia?"

"Blanketi."

Mama Tefo akamtazama kwa huruma kidogo. "Mama Selloane, mwenzangu. Wewe ukiona dereva unaona jeneza. Tumekuja kustarehe. Mwache kijana wa watu."

"Basi njoo usikie mwenyewe."

Akafungua chupa yake ya chai, akammiminia Tshokolo kikombe. Kijana akashika kwa mikono miwili, akakoroga, akakoroga, na kijiko hakikuwemo, alikuwa anakoroga kwa kidole.

"Mwanangu, umekula nini leo?"

Tshokolo akatazama bahari.

"Na tairi la nyuma liko sawa?"

"Samaki, mama," akasema Tshokolo. "Asante."

Mama Selloane akamgeukia mwenyekiti. Lakini Mama Tefo alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka, na Mzee Mohapi karibu naye analirudia neno, "Samaki! Tairi la samaki!" na baada ya muda mfupi basi zima lilikuwa linaambiana. Tshokolo naye akacheka. Chai ikamwagikia viatu vyake, hakuona.

Saa kumi na moja Mama Tefo akafungua daftari. Mama Selloane akamshika Nthati mkono, akachukua chupa zake tano, akashuka kuelekea ufukweni bila kuaga mtu.

Alikaa mahali penye mchanga mgumu. Akajaza chupa ya kwanza, akaitazama, akaimwaga. Akajaza tena.

"Bibi, mbona unayamwaga?"

"Hayajatulia."

"Basi halitatuacha?"

"Mama Tefo haachi mtu."

Simu ikalia kifuani. Akaizima. Nyuma yao honi ikapigwa mara mbili, fupifupi. Baadaye mara tatu. Watu waliokuwa wakiogelea walianza kukusanya taulo, maji yakageuka rangi ya risasi. Nthati akamsogelea bibi yake, akawa anazungusha utepe mkononi. Mama Selloane alijaza, akamwaga. Alihesabu kichwani: nusu saa. Saa nzima. Macho ya namna ile hayawezi kukaa saa nzima bila barabara ya kuyashika.

Mama Tefo aliteremka akihema, viatu mkononi.

"Sasa umezidi. Watoto wa watu wana njaa mle ndani. Nimekutafuta mpaka chooni kwa wanaume. Unanitia aibu kwa kitu gani, Mama Selloane? Kwa kikombe cha chai?"

"Nijaze maji yangu."

"Chupa tano saa nzima?"

"Keti kidogo."

"Siketi. Inuka."

Honi ikapigwa tena. Mama Tefo akanyoosha kidole. "Umesikia? Umeshamkasirisha kijana."

Honi haikukoma. Ililia ikaendelea kulia, sauti moja, haipandi wala haishuki. Mkono wa Mama Tefo ukabaki hewani.

"Mtu mwenye hasira huiachia honi," Mama Selloane alisema, akafunga kizibo cha chupa.

Walipofika juu, Mzee Mohapi alikuwa anagonga kioo cha dereva kwa kiganja. Injini ilikuwa inanguruma. Tshokolo alikuwa amelala na paji la uso katikati ya usukani, macho nusu wazi, mate yanashuka. Walifungua mlango, wakamsukuma nyuma, honi ikakata. Kimya kilichofuata kilimwamsha mtoto mmoja, akaanza kulia.

Tshokolo akashika usukani kwa mikono miwili, akaangalia mbele, kwenye ukuta wa maegesho.

"Tumeshapanda mlima?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mama Tefo alipitisha mkono mbele ya kijana, akazima injini, akachomoa ufunguo, akautumbukiza ndani ya nguo kifuani. Kisha akafungua daftari, akaanza kuita majina upya, kwa sauti ndogo, akimtazama kila mtu usoni kabla ya kuweka alama.

Simu ya Tshokolo ilikuwa inalia juu ya dashibodi. Jina la tajiri mwenye basi lilitokea, likapotea, likatokea tena. Mwenye simu alikuwa ameshalala.