Achari Haikuwa na Kisanduku Chake

Mama wa achari wa Chumbageni amefariki. Jirani yake alinipigia simu Jumanne asubuhi, na mpaka sasa nina hasira kuliko huzuni. Wasomaji wangu mtanivumilia. Huenda hamkumjua kwa sura, lakini kama mmewahi kualikwa harusi au hitima mjini Tanga, basi mmeula mkono wake: maembe mabichi yaliyokatwa vipande, yakatiwa chumvi na kuanikwa juani, kisha yakapikwa kwa mafuta, pilipili na bizari. Aliyaleta mwenyewe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na hakuwahi kuombwa mara mbili.

Tabu ni kwamba sisi watu wa pwani hii achari hatuihesabu. Chakula ni wali, kitoweo ni samaki au nyama, achari ni ya pembeni ya sinia. Katika harusi moja kule Mabawa nilimsikia mwenye shughuli akiwashukuru wapishi mmoja mmoja, wa pilau, wa mchuzi, hata waliokuna nazi. Yeye hakutajwa. Niliona aibu nikamwendea, nikamwamkia na kumpa pole. Akacheka. "Marahaba mwanangu. Wewe hujawazoea hawa? Mtu anakula wali kwa achari yangu mpaka anajilamba vidole, ukimuuliza kala na nini, atakwambia kala wali mtupu!"

Alicheka, lakini lilimkera. Alitaka achari yake iingie madukani, ndani ya chupa yenye karatasi iliyoandikwa jina lake, ajulikane. Kwa hiyo akaniita nimjazie fomu ya kibali. Penye aina ya bidhaa palikuwa na visanduku vitatu: viungo, mboga, na matunda yaliyosindikwa. Nikamuuliza tutie alama wapi. "Waandikie ni achari," akasema. "Kwani wao makwao hawali?" Nikamweleza, kwa ujuaji wangu wa mtu aliyesoma, kwamba ofisi haifanyi kazi hivyo, nikatia alama kwenye viungo.

Akaja ofisa kukagua viungo. Akaulizia mashine ya kusagia, akaonyeshwa ungo wa maembe juu ya paa, akaondoka. Tukajaza fomu ya pili, tukasema ni matunda. Ofisa mwingine akauliza ni matunda gani hayo yenye pilipili na mafuta, akaturudisha kwenye viungo. Ofisa ambaye, naapa, hajawahi kula pilau bila kuuliza achari iko wapi! Watu wazima wenye elimu zao walishindwa kukitambua kitu wanachokila tangu utotoni, kwa sababu tu karatasi haikukitaja.

Ningependa kuishia hapo, lawama zote nizitupe ofisini. Lakini fomu ya tatu mama mwenyewe alinikabidhi mimi niijaze. Ilikaa mezani kwangu miezi minne, chini ya magazeti. Kila tulipokutana alinitazama tu, nami nilimwambia bado naulizia. Sikuulizia popote. Ukweli ni kwamba niliandika safu nzima kuhusu bei ya mbaazi na nyingine kuhusu mitaro, na fomu ile niliiona inaweza kungoja. Nami pia nilijiambia ni achari tu.

Juzi tulikula hitima yake. Pilau lilikuwa zuri, mchuzi ulikuwa mzito, tukazunguka sinia watu watano. Mzee mmoja akala tonge la kwanza, akapeleka mkono pembeni ya sinia kwa mazoea, pakawa patupu. "Achari iko wapi?" akauliza. Kisha akakumbuka tuko kwenye hitima ya nani, akaurudisha mkono taratibu. Na pilau lile, ambalo sote tuliliita chakula kamili, lilibaki nusu sinia.

Niliporudi nyumbani niliitoa fomu ile chini ya magazeti. Pembeni ya vile visanduku vitatu pana nafasi nyeupe inayotosha neno moja. Ilikuwapo tangu fomu ya kwanza, naye aliniambia la kuandika. Basi nanyi mkipewa karatasi isiyokijua kitu mnachokijua, msikilazimishe kitu hicho kuwa kingine. Kiandikeni jina lake, na mkiandike wakati mwenye kitu angali hai.