Sauti ya Jirani Yetu Ndani ya Banda la Video

Mwaka jana nilishuka Segese kwa msiba wa mjomba, na kabla sijafika nyumbani miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya soko, mahali palipokuwa na banda la video. Nikakuta duka la dawa lenye mlango wa kioo. Dada muuzaji akaniuliza nasumbuliwa na nini. Nikamwambia kichwa. Nilikuwa naongopa. Nilitaka kusimama mle ndani kidogo tu, nione kama ule ubaridi wa shingoni nilioupata humo utotoni bado upo. Upo, ndugu yangu. Saa saba mchana, jua la kiangazi likichoma nje, vinyweleo vikanisimama.

Acha nikusimulie, maana jambo hili sijawahi kulieleza vizuri kwa mtu yeyote.

Nyumba yetu ilikuwa pembeni kabisa mwa makazi, pale ilipoanzia njia ya kwenda kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Tulilala na kuamka na mngurumo wa makarasha yakisaga mawe. Tulikuwa tumeuzoea kiasi kwamba Jumapili yalipozimwa, ule ukimya ndio uliotuamsha. Bibi alikuwa akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Asubuhi tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, kwa karanga, mdomo ukajaa utamu na vumbi kwa pamoja, kwa sababu Segese hata chakula kina vumbi.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Ushetu, asiye na mume, mwenye mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo nilikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Ndiye rafiki yangu wa kwanza duniani. Mama yake alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo chini ya turubai, na akiponda aliimba. Wimbo wake ulikuwa mmoja. Kwao ndivyo mama zao walivyowaita watoto kutoka mashamba ya tumbaku jua likizama. Kila ubeti uliita kutoka mahali fulani: toka mtoni, toka zizini, toka porini. Kisha sauti ilipanda, ikasema “Ng'wanone,” mwanangu, na baada yake jina la nyumbani la rafiki yangu. Ubeti wa mwisho haukuwa wa kuita. Ulikuwa wa kupokea: moto umewaka, ugali umeiva, geuka urudi.

Tulipokuwa darasa la nne walikuja watu wa filamu kutoka Kahama. Walikuwa na kamera moja, mwavuli mkubwa mweupe, na mwigizaji mrembo ambaye watoto tulimfuata hata alipokwenda chooni. Walitaka duara lililoachwa, wakapata moja nyuma ya shule. Filamu yao ilikuwa ya nyimbo na ya kuhuzunisha: mchimbaji anafukiwa, mkewe anakataa kuamini, kila siku anakwenda kwenye mdomo wa shimo na kumwimbia arudi. Mwisho anaitikiwa kutoka chini. Naye anashuka.

Mwongozaji alikuwa akipita njiani aliposikia sauti kutoka chini ya turubai. Alisimama mpaka wimbo ukaisha, kisha akamwomba jirani aimbe kwa ajili ya filamu. Mwigizaji angechezesha midomo tu. Bibi yangu hakupenda hata kidogo.

“Mama, huo wimbo ni wa kumwita mtu aliye hai,” alimwambia jirani. “Utauimbaje kwenye shimo?”

“Shikamoo mama. Sitaimba shimoni,” jirani alimjibu akicheka. “Nitaimba darasani. Na mtoto wangu atakuwa hapo hapo, namwona.”

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi wakaning'iniza mablanketi kwenye madirisha ya darasa letu ili karasha lisisikike, sisi wawili tukakaa sakafuni tumekatazwa hata kukohoa. Jirani aliimba amemtazama mwanawe. Alipofika kwenye jina alilitaja kama siku zote, na mwongozaji akasema liachwe, ni zuri, mume kwenye filamu atapewa jina hilo hilo. Ubeti wa mwisho aliukata. Alisema haufai, kwani kwenye filamu hakuna anayerudi.

Masika yalipoanza jirani akapata homa. Siku ya nne alipelekwa Kahama amelazwa nyuma ya pikapu, amefunikwa kitenge, na siku ya sita pikapu ile ile ikamrudisha. Hakuwa na picha hata moja ya kuweka juu ya jeneza. Rafiki yangu akahamia kwetu, akalala kitanda kimoja na mimi, na kwa miezi kadhaa hakulia wala hakumtaja mama yake.

Filamu ilifika kiangazi. Banda la video lilikuwa la mabati, ndani limezungushiwa magunia, hivyo hata mchana kulikuwa giza tupu lenye harufu ya jasho na mafuta ya jenereta. Sisi tuliingia na wanafunzi wenzetu kwenda kumwona yule mwigizaji na shimo letu. Hakuna aliyekumbuka kutuandaa. Nadhani watu wazima walishasahau ni sauti ya nani.

Mwigizaji akasogea kwenye mdomo wa duara. Akafumbua kinywa. Na jirani yetu, tuliyemzika kwa mikono ya mtaa mzima, akaanza kuimba.

Mama mmoja nyuma yetu akasema “Yesu wangu,” akatoka nje na mtoto wake mgongoni. Toka mtoni. Toka zizini. Kisha sauti ikapanda, ikasema “Ng'wanone,” ikataja jina. Rafiki yangu, pembeni yangu kwenye benchi, akaitika.

“Abee, mama.”

Hakupiga kelele. Aliitika kama mtu anayeitwa kutoka jikoni.

Toka siku hiyo alikwenda bandani kila alasiri. Mwenye banda, mtu mpole aliyekuwa akimfahamu mama yake, alimruhusu na wakati mwingine alimwekea wimbo peke yake kabla ya watu kuingia. Alidhani anamfariji. Mimi nilimsubiri nje, nikisikia kupitia mabati yule marehemu akiita na mtoto akiitika, akiita na mtoto akiitika. Njiani rafiki yangu alikuwa mchangamfu kuliko alivyowahi kuwa.

“Umeona alipo?” aliniambia siku moja. “Yuko pale nyuma ya shule. Ananiita kila siku na mimi nakaa tu. Usimwambie bibi.”

Nikaahidi. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa na rafiki mmoja.

Kisha siku moja darasani, kipindi cha mwisho, dawati likawa na mimi peke yangu. Sikuomba ruhusa kwa mwalimu. Nilikimbia nyumbani, si shimoni, kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu. Woga huo nimeubeba mpaka leo. Bibi alikuwa akigeuza michembe. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Hakunigombeza. Aliacha ungo chini na kukimbia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, kanga ikamdondoka njiani naye hakuiokota.

Tulimkuta amesimama hatua chache kutoka kwenye mdomo wa duara. Alikuwa ameligeuzia shimo mgongo, anatazama upande wetu, upande wa nyumbani. Goti moja lilikuwa na udongo mwekundu, na kwenye nguzo za kushukia shimoni kulikuwa na kandambili yake moja.

“Nani alikuwa anaimba?” alituuliza.

“Hakuna aliyeimba, mwanangu,” bibi alisema akihema.

“Ameimba ule mwisho. Ule wa ugali. Nilikuwa nimeshaanza kushuka, ukaimbwa huko mlikotoka nyinyi.”

Bibi hakuujua wimbo ule. Mimi nilikuwa na kwikwi, nisingeweza kuimba hata neno. Bibi alimshika mkono, akanishika na mimi, tukarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Hatukurudia kandambili.

Jioni hiyo bibi alikwenda kwa mwenye banda. Alimsalimu “Mwadila, baba,” kwa adabu zote, kisha akaomba sidii ya ile filamu. Naye akamkabidhi. Sijui bibi aliifanyia nini. Sikuiona tena, na baada ya kufa kwake tulipekua kila sanduku. Wiki iliyofuata mama mdogo wa rafiki yangu akaja kumchukua, akampeleka Ushetu. Tuliagana bila kuongea. Alijua nimesema.

Banda likafungwa watu walipoanza kutazama filamu kwenye simu zao. Duara likafukiwa. Turubai, nyundo, blanketi za darasani, vyote hakuna. Hata ile filamu nimeitafuta, na kila ninayemuuliza anasema aliwahi kuisikia.

Mwaka juzi nilikutana na rafiki yangu Kahama, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa na wanawe wawili. Tulikumbatiana mpaka pumba zikatuingia machoni. Hakuwa na kinyongo. Alisema angekuwa ni yeye naye angesema. Tukakaa juu ya magunia, akaniuliza swali.

“Mama alikuwa na sura gani? Mimi nikimkumbuka akiimba, namwona yule mwigizaji. Miaka yote. Najaribu kumtoa, hatoki. Wewe ulimwona kila siku. Niambie.”

Wanawe wakasogea wasikilize. Nikaanza kumweleza: macho yake makubwa, mwanya wake, alivyoinamisha kichwa upande wa kushoto akifika penye jina. Alisikiliza machozi yakimtoka, akitikisa kichwa kukubali, akasema ndiyo, ndiyo, ni yeye, asante dada.

Nilimshika mkono, nikaendelea kusimulia. Sikuwa na uhakika namwelezea mwanamke yupi.