Fundi Cherehani na Nyumba ya Ghorofa ya Tisa

Ni Jumamosi ya sita sasa fundi cherehani anakuja kuangalia nyumba ileile tupu ya ghorofa ya tisa, na kila Jumamosi dalali wake, Bi. Ok-ran, anabonyeza namba za mlango mbele yake huku roho ikimchemka. Fundi anavua viatu. Anatoa futi shingoni, anapima ukuta alioupima wiki jana, kana kwamba saruji nayo hurudi ikilowa kama kitambaa. Anafungua bomba, anafunga, anaguna.

"Tungoje uchaguzi upite, dada," fundi alisema Jumamosi iliyopita.

"Wiki jana ulingoja riba ishuke!"

"Nchi yenyewe haina rais, nami nikimbilie kuhama?"

"Fundi, wewe hata suruali unaishonaje kwa mwendo huu!"

Leo Ok-ran ameapa kumwambia basi, imetosha. Lakini alipofungua tu mlango, harufu ya wali ikamlaki. Jikoni sufuria ya umeme ya kupikia wali ilikuwa inafuka mvuke, na fundi amesimama kando yake. Watu wa mji huu wa Daegu wote wanajua: sufuria hiyo hutangulia kuingia nyumba mpya kabla ya kitu kingine chochote, siku ya kalenda ambayo pepo wanaosumbua wahamaji hawapo, na ikishaingia, umehamia.

"Namba za mlango umezipata wapi?"

"Vidoleni mwako. Mara tano, dada, nani asingezishika?" Fundi alikuwa anaizungusha futi kidoleni, macho chini. "Leo pepo hawapo. Nisingeiacha siku ipite bure."

"Kwa hiyo umehamia!"

"Sufuria ndiyo imehamia," alisema, akiugeukia ukuta na futi yake. "Mimi bado nafikiria."