Kwa Nini Mwanangu Ananisemesha Kiswahili

Mama aliyekuwa akiniuzia maziwa ya ngamia amefariki. Habari zilinikuta jikoni nikichemsha maziwa niliyoyanunua kwake jana yake. Mwenzake wa sokoni alinipigia simu, akanisalimia kwa salaam aleikum kama kawaida, kisha akasema, "Mama yako wa maziwa ametuacha asubuhi. Kifua tu, hata hospitali hakufika. Tunazika baada ya alasiri." Nilizima jiko, nikaketi. Jioni nilikuwa nimesimama makaburini hapa Isiolo pamoja na wanaume wenzangu, vumbi limenijaa viatuni, na bado nilikuwa nikiwaza kwamba kesho asubuhi ningempigia kumuuliza kama gari la maziwa limefika.

Sikuwa ndugu yake wala rafiki wa karibu. Nilikuwa mteja, na kwa miaka mingi. Alinijua kama "mtu ya gazeti", ingawa gazeti lenyewe hakuwahi kulisoma, maana hakusoma chochote. Ukimwandikia ujumbe atakupigia kukugombeza: "Usiniandikie, mimi si karani. Ongea!" Kwa hiyo sisi wateja wake wote tulizoea kutumiana naye sauti kwenye simu, na sauti zake zilikuwa kichekesho. Alirekodi kama mtu aliyeketi nawe. Angesema, "Salaam aleikum, mtu ya gazeti," halafu angenyamaza kukungoja uitikie, kisha angeendelea, "Haya. Maziwa ya leo si nzuri, wametia maji. Mimi nimerudisha. Kunywa chai ya rangi mpaka kesho." Siku hiyo mwenye hoteli mmoja alimsihi amuuzie hayohayo, wageni hawatajua. Alimimina kidogo kiganjani, akamnyooshea mkono mbele ya soko zima, akamwambia, "Kunywa wewe kwanza, halafu unipe jina ya hiyo mgeni." Mwenye hoteli akaondoka. Nilikuwapo, na nilicheka mpaka nikakohoa. Hakuwa mtu wa kukubali kitu kilichochanganywa, na ndiyo maana yaliyofuata baada ya kifo chake yananiuma mpaka leo.

Mama yake mzazi bado yu hai. Siku ya kifo alikuwa Kinna kwa dada yake, akiuguza moyo, na daktari alikuwa ameonya asishtuliwe. Watoto wa marehemu walikaa wakakubaliana asiambiwe. Watu walikuja wakaketi siku zao za msiba, wakaomba dua, wakatawanyika, na mama wa aliyekufa hakuwa na habari. Alipoletwa mjini wiki kadhaa baadaye aliambiwa kwamba binti yake yuko Nairobi kwa shughuli za maziwa, atarudi. Mzee wa watu akataka kumsikia. Hapo binti mkubwa wa marehemu, msichana aliyesoma na mwenye huruma, naomba msimfikirie vibaya, akaunda kitu kwa akili unde. Alikusanya sauti zote za mama yake zilizokuwa kwenye simu za wateja, akazitia kwenye programu, na programu ikajifunza kuongea kama yeye. Mimi mwenyewe nilimpa zangu zaidi ya mia. Aliniambia ni za kumbukumbu ya familia, na sikuuliza zaidi. Kwa hiyo ninaposimulia haya msidhani nilikuwa mtazamaji tu.

Nilipokwenda kumjulia hali bibi huyo nilimkuta kwenye mkeka, simu imewekwa juu ya mto mbele yake. Yeye anasema kwa Kiborana, mjukuu, yule binti mkubwa, anaandika kwa Kiswahili yale aliyoyasema, na simu inajibu. Ilikuwa ni yeye kabisa, na kule kunyamaza kwake baada ya salamu kulikuwapo. "Niko salama, mama. Kazi ni nyingi. Nakuja." Bibi akauliza kitu kingine, na sauti ikarudia, "Nakuja, mama." Mjukuu akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba asihukumiwe. Baadaye, tukiwa nje, aliniambia, "Hata mimi naongea nayo, mzee. Nikikaa peke yangu naiuliza kama amekula. Najua si yeye. Lakini nifanye nini?" Mtu aliyefiwa na mama yake ukimwambia aache kuisikiliza sauti yake, wewe utampa nini badala yake?

Nilirudi tena Ijumaa iliyofuata. Mjukuu alipotoka kwenda kuweka chai, bibi alinivuta mkono na kunisogeza karibu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, nami Kiborana changu kinaishia kwenye salamu, maana mimi ni mtu wa upande wa Meru. Akasema polepole, "Wewe umeenda shule. Niambie ukweli. Mimi nilikosea mtoto yangu nini?" Nikamwambia hujakosea kitu. Akatikisa kichwa. "Kwa nini anaongea na mimi Kiswahili? Tangu nimzae hajaongea na mimi Kiswahili. Hiyo ni ya watu ya soko. Anaongea na mimi kama mtu anataka maziwa. Amenikasirikia. Hataki kurudi kwa sababu yangu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Sauti zote tulizochanga, mimi na wateja wenzangu, zilikuwa za Kiswahili, kwa kuwa sisi ndio aliotutumia sauti. Watu wa nyumbani kwake hakuhitaji kuwarekodia. Aliishi nao, akaongea nao uso kwa uso kwa lugha yao, na maneno hayo yalikwenda na upepo. Tulimrudishia mama huyu binti yake kwa upande ule tu ambao binti aliuweka kwa wateja. Sasa mzee wa miaka mingi alikuwa amekaa juu ya mkeka akijichunguza moyo, akitafuta kosa alilomtendea mtoto wake, na huenda angekufa akilitafuta. Nilimweleza mjukuu. Alilia, kisha akasema jambo ambalo lilinichosha: "Basi tutafute sauti ya Kiborana. Ikijifunza Kiborana atatulia."

Sauti hiyo mimi nilikuwa nayo. Siku moja, miaka miwili iliyopita, marehemu alibonyeza simu bila kujua akanitumia sauti ya nyumbani kwake. Ni fupi, haifiki hata dakika. Anagombana na mtu kwa Kiborana, mwanamke mwenye sauti ya uzee anamjibu, mbuzi mdogo analia karibu kabisa, halafu wote wawili wanaangua kicheko. Sikuifuta kwa sababu ya kile kicheko. Sasa nilijiuliza. Nikiitoa, mashine itajifunza, na uongo utakuwa mtamu. Bibi atatulia na ataendelea kumngoja mtu aliyezikwa. Nikikaa nayo, ataendelea kujilaumu. Nilizunguka na simu hiyo mfukoni kwa siku kadhaa. Kumwambia ukweli kwa kinywa changu sikuthubutu, maana nilimfikiria daktari na ule moyo wake, na, niseme tu, niliogopa.

Mwishowe nilikwenda, nikaketi mkekani, na mjukuu alipokuwa jikoni nikabonyeza. Sikuwa na ujasiri zaidi ya huo wa kidole. Bibi alishtuka, kisha uso wake ukafunguka. Alicheka pale walipocheka. Akaniambia nirudie, nikarudia. Mara ya tatu hakucheka. Aliinamisha kichwa akasikiliza mbuzi. "Huyu mbuzi tulichinja Idi ya mwaka jana," akasema. "Na huyu mama mzee ni mimi. Ananigombeza nimeficha dawa chini ya mto. Hii ni ya zamani." Akanitazama. "Hii ndiyo mtoto yangu. Sasa yule anasema nakuja, nakuja, ni nani?"

Nilitazama mkeka. Alingoja, akangoja zaidi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Amekufa lini?" Nikamtajia mwezi. Aliweka kiganja kifuani, nikadhani moyo ndio huo unakwenda, nikaanza kuita. Akanikamata mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na bado alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe hakunikasirikia," akasema. "Kumbe alikufa tu."

Mjukuu aliingia na sinia ya chai, akatuona, akaelewa. Hakunifokea. Aliketi chini, na bibi yake akamwekea mkono kichwani, na wakalia pamoja kwa lugha nisiyoijua. Mimi nilibaki na simu mkononi, sifai kwa lolote. Kesho yake majirani walirudi, mikeka ikatandikwa upya, na dua ikasomwa tena, safari hii mama wa marehemu akiwapo. Mjukuu bado ananiomba ile sauti ya Kiborana. Ni sauti ya mama yake, na sijui nina haki gani ya kumnyima. Sijamtumia, na sijaifuta.

Nimejifunza jambo moja tu katika haya, na nililipata nimechelewa. Tulimficha mama huyu kifo ili asiumie, tukampa jeraha ambalo kifo chenyewe hakikumpa. Mama yangu bado anaishi, nyumbani Meru, na masikio yake ni mazima. Nimewaita wanangu nikawaeleza, na nawaeleza nanyi muwe mashahidi: siku yangu ikifika kabla ya yake, sauti zangu fanyieni mnalotaka, lakini yeye aambiwe siku hiyohiyo, na mtu anayeweza kumshika mkono, na aambiwe kwa Kimeru.